Ndala Zilizobaki Kwenye Ngazi

Siku ya kufungua maji kazi yangu ni kuwatoa watu mtoni. Ukinitazama kwa mbali utasema ni mwanamke anatembea na bendera, na kweli kutembea na bendera kumo. Ila siku nyingine bendera yenyewe inakuwa nzito kuliko gunia.

Ziwa letu ni la kutengenezwa. Ukuta wa zege umeuziba mto, maji yakatuama nyuma yake, na kila mwisho wa wiki watu wa mjini wanajaa huko kukanyaga boti, kuogelea na kupigana picha mpaka simu zinaishiwa chaji. Juu ya ukuta ni starehe. Chini ya ukuta mto umebaki mwembamba, unauvuka maji hayajafika goti, na huko wanashuka wafua nguo, wachota mchanga, wapenzi wasiotaka kuonekana, na kila mwenye lake. Lango la ukuta likifunguliwa, maji yanashuka kama yametumwa na mtu. Hayaulizi nani yuko wapi.

Kwa hiyo king'ora kinalia kwanza. Mimi nashuka, napita kingo mpaka kwenye kona ya mto, namtoa kila ninayemkuta. Nikiona mto uko mtupu napanda kwenye ngazi nainua bendera ya kijani. Aliye juu ya ukuta akiiona, anafungua. Asipoiona, hafungui.

Nitajuaje kwamba mto uko mtupu, na vichaka vyote vile? Hapo ndipo zinapoingia ndala. Njia ya kushukia mtoni ni ngazi za saruji, lakini aliyezijenga aliishiwa saruji au subira, maana zimekatika kabla ya kufika chini. Kipande kilichobaki ni udongo unaoteleza kama umepakwa sabuni. Ukikishuka na ndala unafika chini kwa makalio. Hakuna aliyewaamuru watu, ila wote wanavua ndala kwenye ngazi ya mwisho na kushuka pekupeku. Mama aliyefanya kazi hii kabla yangu alinionyesha ngazi hiyo siku ya kwanza, akasema, "Mto utautazama utachoka. Wewe tazama hapa. Zikiisha ndala, watu wameisha."

Ndiyo maana Nahodha akanibandika jina la Mlinzi wa Ndala. Nahodha mwenyewe hajawahi kuendesha chombo chochote zaidi ya boti za kukanyaga zenye shingo ya bata, anazozikodisha kule ziwani. Maji yakipungua analalamika boti zinakwama kwenye tope. Maji yakijaa analalamika gati lake limezama. Sijawahi kumsikia akisema leo maji yako sawa.

Siku hiyo alikuwa na haki ya kulalamika. Mvua ilikuwa inanyesha milimani, huko mto unakotoka, wakati kwetu jua linawaka na watu wanaogelea. Ziwa likapanda bila sisi kuona tone. Asubuhi mbao za gati zilikuwa zimelowa, baadaye zikafunikwa, na boti za bata zikawa zinagongana vichwa juu ya mahali ambapo watu walizoea kupita kwa miguu.

Kwenye ukuta kuna ubao wa kupimia maji, na kwenye ubao kuna mstari mwekundu. Maji yakiwa chini ya mstari, lango moja linatosha. Yakiupita, inabidi kufungua na la pili, na hapo mto unatoka nje ya kingo zake na kuingia kwenye bustani za mboga za huko chini. Dada yangu ana matuta yake huko, mboga zimestawi, wiki hiyo alikuwa anaanza kuvuna. Mhandisi alikuwa ametoa amri tangu asubuhi: lifunguliwe moja mapema, kabla ya mstari.

Mfungua lango tunamwita Koki. Ni mtu mzima, mpole, ana utani unaokupokea kabla ya salamu. Akiwa kazini havui buti zake za mpira hata jua likawaka vipi. King'ora kilipolia nikamsikia kwenye redio ya mkononi.

"Mlinzi wa Ndala, shuka. Leo wageni wako hawana muda wa kuaga."

Nikashuka. Wafua nguo waliniona wakaanza kununa kabla sijafungua mdomo.

"Dada wa bendera, nguo zangu bado zina sabuni!" mmoja akasema.

"Zitatoka nayo hivyo hivyo, mama yangu. Panda."

"Maji yenu hayana adabu. Yanasubiri mtu aanze kusuuza."

"Nitayaambia."

"Yaambie!"

Wachota mchanga wakabeba sepetu zao. Wapenzi wakatoka kila mmoja kichaka chake, kana kwamba hawajuani. Nikaenda mpaka kwenye kona, nikaita, nikarudi. Kwenye ngazi kukawa na vurugu ya kila siku, maana nusu ya watu wana ndala za bluu na kila mtu anajua ya kwake ndiyo iliyo nzima.

"Hiyo ya kushoto ni yangu. Yako imeliwa kisigino."

"Kisigino changu kinakula ndala? Mimi tembo?"

"Sijasema tembo, umesema mwenyewe."

Wakaondoka wanacheka. Nami nikatazama ngazi ya mwisho, na pale palikuwa na jozi moja.

Zilikuwa ndala nyeusi, kubwa, za kiume. Kamba ya mguu wa kulia ilikuwa imekatika ikafungwa kwa waya wa shaba, umesokotwa vizuri, ncha zimekunjwa zisichome mguu. Nikatazama mto. Mtupu. Nikatazama ndala tena. Zilikuwa zimewekwa pamoja, zimeelekea mtoni, kama za mtu aliyeingia nyumba ya watu kwa heshima zake.

"Bendera imepelekwa kufuliwa nini?" Koki akasema kwenye redio.

"Kaka Koki, subiri kidogo. Kuna ndala zimebaki."

"Za nani?"

"Ndilo ninalotaka kujua."

"Mtu kazisahau, mdogo wangu."

"Atazisahauje? Njia yote ni kokoto. Hatua ya kwanza tu angezikumbuka."

Akacheka kidogo, lakini kilikuwa kicheko cha mtu anayetazama ubao. "Haya. Ita tena. Ila fanya upesi, maji yanaukaribia mstari."

Nikaita. "Kaka! Mwenye ndala nyeusi! Toka mtoni, maji yanafunguliwa!" Sauti ikaenda, ikapiga kwenye ukuta, ikanirudia mwenyewe. Wafua nguo walikuwa wamekaa juu na mabeseni yao wakingoja kuona maji. Nikawauliza kama wamemwona mwanaume yeyote mbali na wachota mchanga na yule kijana wa vichakani.

"Hatujaona."

"Labda amepita nyuma yenu?"

"Dada, mwanaume apite nyuma ya wanawake wanaofua tusimwone? Tungekuwa tumeshamjadili."

Hapo na mimi nikayumba. Ukweli nautoa hivyo ulivyo: nilitaka kuamini kwamba hakuna mtu. Nilifikiria matuta ya dada yangu, alivyokuwa akiyamwagilia kwa ndoo kichwani, na mkono wangu uliokuwa na bendera ukaanza kujiinua wenyewe. Nikaushusha. Ndala hazikushuka zenyewe zile ngazi.

Nahodha akaja anatweta, suruali imelowa mpaka mapajani.

"Wewe! Boti zangu zinataka kupanda kwenye bustani ya hoteli! Unangoja nini?"

Nikamwonyesha.

"Ndala? Tunazama kwa sababu ya ndala? Niuziwe mimi, nizivae, mambo yaishe."

"Vua viatu vyako uniachie, basi, nilinde na hivyo."

"Au tuzitoe hapo," akasema. "Tukizitoa, ngazi inakuwa tupu."

Nikamtazama. Akatazama mto, akatazama ndala, akajikuna shingo.

"Nimetania," akasema.

"Najua."

"Zilivyowekwa vizuri, jamani."

Redio ikakwaruza. Safari hii Koki hakuwa na utani. Maji yalikuwa yamebakiza kidole tu kuufikia mstari. Akaniuliza kama nina uhakika, na sauti yake haikuwa ya kugomba, ilikuwa ya mtu anayeomba aambiwe ndiyo au hapana. Nikamwambia sina uhakika, na ndiyo sababu sijainua. Kisha nikaona nimweleze jinsi zilivyo, labda yeye anayekaa juu na kuona kila apitaye atamjua mwenyewe.

"Ni nyeusi. Kubwa, za mwanaume. Ya kulia kamba yake imefungwa waya."



"Waya gani?" akauliza.

"Wa shaba. Umesokotwa."



"Hizo ni zangu," Koki akasema. "Nimeziacha mlangoni nyumbani asubuhi, nikavaa buti. Hizo ndala hazitoki mlangoni kwangu."

Nahodha akaweka mkono kichwani. Nyumba ya Koki iko juu kidogo ya barabara ya mtoni, na humo hakai mtu mwingine wa kuvaa ndala za kiume. Nikasikia akiongea na simu yake kwa spika huku redio iko wazi, anamwuliza mkewe yuko wapi, mkewe akijibu yuko dukani anashona, kwani kuna nini, na mama je? Mama nimemwacha amelala. Mpigie jirani achungulie. Jirani akajibu mlango uko wazi. Mama hayupo.

Mama mkwe wake Koki alikuwa na siku chache tu tangu aje kukaa kwao. Nilimwona mara moja, mama mfupi mwenye mikono mikubwa, anasalimia mpaka kuku. Huko alikotoka alikuwa mfinyanzi.

"Jana aliuliza udongo mzuri unapatikana wapi," Koki akaniambia. "Mimi mwenyewe nikamwambia uko ng'ambo ya kona ya mto. Nikamwambia nitampeleka Jumatatu."

Mimi huishia kwenye kona. Ng'ambo yake kuna ukingo mwekundu uliolika ndani kama pango, na mtu akiwa humo huwezi kumwona wala yeye hawezi kukusikia vizuri. Maji yakija, pale ndipo yanapojipiga kwanza.

"Naenda," nikasema. "Kaka Koki, usifungue."

"Nitafunguaje, mdogo wangu? Nitafunguaje?"

Nikavua ndala zangu, nikaziweka kando ya zile nyeusi, nikashuka. Nyuma yangu nikasikia mtu ameteleza na kufika chini kwa makalio. Alikuwa Nahodha, na viatu vyake miguuni.

"Usiniangalie," akasema. "Twende."

Tulikimbia juu ya mawe, yeye akilaani kila jiwe kwa jina lake. Redio ikasema maji yameshika mstari. Baadaye kidogo ikasema mhandisi amepiga simu, ameambiwa, naye amejibu neno moja: subirini bendera. Nikamshukuru moyoni huyo mhandisi, mama wa watu ambaye sijawahi hata kumwona uso.

Tukaikunja kona. Ndani ya ukingo mwekundu kulikuwa na mgongo umeinama, na mikono miwili inachimba kwa kijiko kikubwa cha chuma, taratibu, mtu anaimba wimbo usio na maneno.

"Mama!" nikapiga kelele. "Mama, toka, maji yanakuja!"

Akageuka. Uso mzima ulikuwa udongo, macho tu ndiyo yaliyokuwa yake. Akatutazama mimi na Nahodha tunavyohema.

"Kwenu hamsalimii?" akasema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Na huyu?"

"Shikamoo," Nahodha akasema, ameshika magoti.

"Marahaba, baba. Sasa semeni."

Nikamweleza: lango, maji, king'ora. Hukusikia king'ora?

"Nilikisikia sana. Nikadhani kinaita watu kula. Nilipokuwa naishi karibu na kiwanda kilikuwa kinalia hivyo hivyo, watu wanakwenda kula. Nikasema, wao wale tu, mimi bado sina njaa."

Nahodha akatoa sauti ambayo sikujua kama ni kicheko au kilio.

Nikamshika mkono. Akaja hatua moja, akasimama. Nyuma yake kulikuwa na mfuko wa udongo, umejaa mpaka juu, umefungwa kwa kamba.

"Siuachi," akasema.

"Mama, maji yameshika mstari."

"Mstari siujui. Udongo huu naujua. Tangu nije hapa nakaa kama mgonjwa, kila nikishika ufagio nanyang'anywa, mama pumzika, mama pumzika. Leo nimepata kitu cha kufanya. Siuachi."

Ningeweza kumvuta. Lakini mtu unayemvuta juu ya mawe yanayoteleza mnaanguka wote wawili. Nikamtazama Nahodha.

"Hapana," akasema kabla sijasema.

"Nahodha."

"Mimi nina mgongo."

"Wote tunao."

Akauinua ule mfuko akautupia begani, udongo ukamtiririka shingoni, na yule mama akamfuata nyuma akimwelekeza: "Usiutikise hivyo, baba. Huo si mahindi." Mimi nikashika nyuma yao. Tulikwenda mwendo wa mama, maana hakukuwa na mwingine, jiwe kwa jiwe, huku maji yale membamba yakitupita miguuni kwa upole kama hayana ndugu wakubwa huko juu. Sikumharakisha tena. Kila alipoweka mguu nilingoja mpaka uwe umesimama.

Kwenye kipande cha udongo alipanda vizuri kuliko sisi. Mikono yake iliushika ule utelezi kama ngazi. Alipofika juu akavaa ndala za mkwewe, mimi nikavaa zangu, Nahodha akavua kiatu kumwaga maji. Nikatazama ngazi ya mwisho. Haikuwa na kitu. Nikatazama tena, kwa ajili ya mkono wangu tu, usije ukaniuliza baadaye.

Nikainua bendera.

Sauti ya lango likifunguka inaanza kwenye miguu kabla ya masikio. Ukuta ukanguruma, kisha maji yakatoka meupe, yakaanguka, yakaufuata mto na kuujaza ukingo kwa ukingo. Yalipoifikia kona yakajipiga kwenye ule ukingo mwekundu, yakaruka juu zaidi ya kimo cha mtu, na tulipoangalia tena lile pango halikuonekana. Wafua nguo waliokuwa wakipiga domo wakavuta mabeseni yao nyuma. Yule mama akatazama kwa muda mrefu.

"Kumbe si chakula," akasema taratibu, na akanishika mkono wangu kwa mkono wake wenye udongo. Hakuuachia mpaka tulipofika juu ya ukuta.

Lango la pili nalo ilibidi lifunguliwe kidogo, maana mstari ulikuwa umefunikwa. Dada yangu alipiga simu kusema maji yamelamba tuta lake la mwisho na kurudi, na kwamba kama nimefanya makusudi atanijua. Nilipomweleza, akasema tuta la mwisho lilikuwa na wadudu hata hivyo.

Koki alisimama kwenye mtambo wake, mikono bado imeshika gurudumu. Alimwona mama mkwe wake akija, na nilimwona alivyoshusha pumzi, mabega yote yakashuka nayo. Sasa, mtu atamgombeza vipi mama mkwe wake? Akanigeukia mimi.

"Mlinzi wa Ndala," akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "hivi kuna watu wanaondoka nyumbani bila kuaga?"

"Inasemekana wapo, kaka."

"Waambie wakirudia tena, mimi naacha kazi. Nitakufa na presha."

"Mwambie na yeye," mama akanijibu mimi, macho yake kwenye ziwa, "mtu akiahidi Jumatatu, asimwonyeshe mwenzake njia Ijumaa."

"Amesikia, mama."

"Na ndala zake ni nzuri. Waya umefungwa na fundi."

Koki akajaribu kukaza uso, ikashindikana. Akageuka akajifanya anasoma ubao, na mgongo wake ukawa unatikisika. Sikujua kama anacheka, wala sikumchungulia. Nahodha alikuwa ameketi juu ya mfuko wa udongo, ananiuliza kama kuna mtu amewahi kufikiria gharama ya kufua shati.

Ndipo mkewe Koki akaja. Alikuwa amekimbia kutoka dukani na futi ya kupimia nguo bado inaning'inia shingoni. Akasimama mbele ya mama yake, akamtazama kuanzia nywele mpaka vidole vya miguu. Akavua kitambaa chake cha kichwa, akatema mate kwenye ncha yake kama anavyofanyiwa mtoto, akaanza kumfuta mama yake uso, paji, mashavu, chini ya macho, anafuta na kufuta hata pale palipokwisha kutakata.

"Taratibu," mama akanung'unika. "Unanitoa ngozi."

"Tulia," binti akasema. "Tulia, mama."

Na mama akatulia. Chini yetu maji yalikuwa yanaendelea kwenda zake, na kwenye ubao uliolowa, ule mstari mwekundu ukaanza kuonekana.